Python na mabano mawili

Kitabu cha kwanza nilichosomea lugha ya Python kilikuwa kikuukuu. Nilinakili mfano wake wa kwanza, amri ya print na maneno machache ndani ya alama za kunukuu, kompyuta ikaukataa. Ilidai mabano. Nilidhani nimekosea kunakili.

Guido van Rossum alianza kuiunda Python nchini Uholanzi mwishoni mwa 1989, akaitoa hadharani 1991. Ilikuwa programu huria, na kadiri ilivyoenea, ndivyo makosa yake ya awali yalivyozidi kuwa magumu kuondoa. Kubwa lilikuwa kuchanganya maandishi na baiti. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini tungeweza tusiligundue kamwe. Aliyeshughulikia Kifaransa au Kiarabu aliweza kukwamishwa na herufi moja.

Desemba 2008 likatoka toleo la 3.0, lililosahihisha hayo kwa kuvunja kwa makusudi programu za zamani. Waandishi wa maktaba za programu hawakuona haja ya kuhama ilhali watumiaji wao wamebaki nyuma. Watumiaji nao hawakuweza kuhama bila maktaba hizo. Wakangojana. Toleo la 2 lilipangiwa kustaafu 2015, likaongezewa muda hadi 2020. Kwa miaka kumi na moja zilitunzwa lugha mbili zenye jina moja. Kwa maoni yangu, kutenganisha maandishi na baiti kulistahili gharama hiyo. Mabano ya print, sidhani.

Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya alama moja tu mpya, Van Rossum alijiuzulu uongozi. Watunzaji wa lugha wakachagua baraza la watu watano mapema 2019. Tangu 2020 toleo jipya hutoka kila Oktoba, na kwa kawaida kitu kinachoondolewa hutanguliwa na maonyo katika matoleo kadhaa.

Utaratibu huo umeshajaribiwa. Python ina kufuli inayozuia sehemu mbili za programu moja kutekeleza msimbo wake kwa wakati uleule. Mwaka 2023 baraza lilikubali pendekezo la kuifanya iweze kuondolewa, lakini kwa hatua, na kwa sharti kwamba mpango ukileta madhara, utarudishwa nyuma. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilikuja na uwezo huo pembeni, kama jaribio. Aliyesakinisha toleo la kawaida hakulazimika kubadilisha hata mstari mmoja kwa ajili yake.