Usawazishaji wa faili

Usawazishaji wa faili ni kazi ya kuhakikisha kwamba faili zilizomo katika kompyuta mbili au zaidi zinabaki sawa. Faili ikiongezwa, ikibadilishwa au ikifutwa katika kompyuta moja, badiliko hilo hufanyika pia katika nyingine. Nyumbani hutumiwa hasa kwa picha, muziki na video, na mara nyingi hupitia Wi-Fi bila waya kati ya kompyuta hizo.

Kompyuta zikiunganishwa na ruta moja, data hupita kati yake bila kutoka nje ya nyumba. Kwa hiyo usawazishaji wa namna hii unaweza kufanyika hata kama intaneti haipo, wala hautumii bando. Hapo ndipo unapotofautiana na huduma za wingu, ambako faili hupelekwa kwanza kwenye seva ya kampuni.

Historia

Programu ya rsync ilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell pamoja na Paul Mackerras nchini Australia. Tridgell alieleza algoriti yake katika tasnifu ya uzamivu ya mwaka 1999. Rsync husawazisha kwa upande mmoja: kompyuta moja ni chanzo na nyingine hupokea.

Unison, iliyoanzishwa na Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, husawazisha pande zote mbili. Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg mwaka 2013, hufanya kazi mfululizo na kuhamisha mabadiliko yenyewe kila kompyuta zinapoonana. Zote tatu ni programu huria.

Namna inavyofanya kazi

Kwanza programu hutafuta faili zilizobadilika. Rsync kwa kawaida hulinganisha ukubwa wa faili na wakati ilipobadilishwa mara ya mwisho. Vikiwa sawa, faili hurukwa.

Faili ikiwa imebadilika, si lazima itumwe yote. Katika algoriti ya rsync, kompyuta inayopokea hugawa faili yake ya zamani katika vipande na kukokotoa namba fupi ya utambulisho kwa kila kipande. Kompyuta inayotuma hutafuta vipande hivyo ndani ya faili mpya, kisha hutuma sehemu zile tu ambazo mwenzake hana. Syncthing nayo hugawa faili katika vipande vya kuanzia kibibaiti 128 na kuvitambua kwa SHA-256.

Faida yake hutegemea aina ya badiliko. Mtu akisahihisha jina la msanii ndani ya faili ya MP3, sauti yenyewe haibadiliki, na rsync inaweza kutuma sehemu ndogo tu. Lakini picha ya JPEG ikihaririwa na kuhifadhiwa upya, karibu data yote hubadilika, hivyo hutumwa karibu nzima.

Kasi ya Wi-Fi

Kasi inayotajwa kwenye boksi la ruta haifikiwi katika matumizi ya kawaida. Kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003 hutajwa kuwa na megabiti 54 kwa sekunde, lakini kasi halisi huwa chini ya nusu ya hapo. Kwa megabiti 20 kwa sekunde, video ya gigabaiti 4 huchukua takriban dakika 27. Kwa megabiti 100, dakika 5 na kidogo.

Kompyuta zote mbili zikitumia Wi-Fi, kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili: kutoka kompyuta ya kwanza hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi ya pili. Zikitumia chaneli ileile, kasi hupungua karibu nusu. Kuunganisha kompyuta moja na ruta kwa waya huondoa safari moja kati ya hizo. Kwa sababu hiyo watu wengi hufanya usawazishaji wa kwanza kwa waya au diski ya nje, kisha huiachia Wi-Fi mabadiliko madogo ya kila siku.

Matatizo ya kawaida

* Mgongano: faili ileile ikibadilishwa katika kompyuta zote mbili kabla hazijawasiliana, Syncthing hubakiza zote mbili, na ile ya zamani zaidi hupewa jina lenye alama ya mgongano. Unison humwuliza mtumiaji achague.
* Majina: Linux huona "Harusi.jpg" na "harusi.jpg" kuwa faili mbili, lakini Windows kwa kawaida huziona kuwa moja.
* Diski za FAT32: hazipokei faili ya kufikia gibibaiti 4. Pia huandika wakati wa badiliko kwa hatua za sekunde 2, hivyo faili isiyoguswa inaweza kuonekana imebadilika.

Usalama

Syncthing husimba mawasiliano yote kwa TLS, na kila kifaa hukubali tu vifaa ambavyo mwenyewe ameviidhinisha. Rsync inaweza kupitishwa ndani ya SSH. Ruta nayo inapaswa kutumia WPA2 au WPA3.

Tofauti na nakala rudufu

Usawazishaji hauchukui nafasi ya nakala rudufu. Mtu akifuta kwa bahati mbaya folda ya picha za familia, programu inayosawazisha pande mbili hufuta folda hiyo pia katika kompyuta nyingine, pengine ndani ya sekunde chache. Vivyo hivyo, faili iliyoharibiwa na virusi huweza kuchukua nafasi ya ile nzima.

Rsync haifuti faili za upande wa pili isipokuwa imeamriwa hivyo. Syncthing inaweza kutunza matoleo ya awali ya faili zilizobadilishwa au kufutwa na kifaa kingine, lakini mtumiaji lazima awashe uwezo huo mwenyewe. Hata hivyo, kinga ya uhakika zaidi ni kuwa na nakala nyingine kwenye diski isiyounganishwa na kompyuta wakati wote.

Tazama pia

* Wi-Fi
* Nakala rudufu
* Programu huria