Kwaki Zikipata Joto

Niliacha chuo na swali moja la fizikia kichwani: mbona hakuna mtu amewahi kuona kwaki ikiwa peke yake? Protoni inabeba tatu, na hazitoki. Mwaka 1974 Kenneth Wilson aligawanya nafasi na wakati kuwa miraba, kama kitabu cha hesabu, na kamba ikaonekana: ukivuta kwaki mbali, haikulegezei hata kidogo.

Sasa, ukipasha moto? Mwaka 1981 watafiti wa Budapest, na wengine Marekani, waliuliza kompyuta. Joto likipanda kamba inalegea, halafu inapotea. Ila kompyuta zenyewe zilikuwa hafifu, kwa hivyo kwaki zinazotembea ziliachwa nje ya hesabu. Zilipoingizwa vizuri, 2006, ule mpaka mkali ulikosekana. Karibu na nyuzi trilioni 1.8 kifungo kinayeyuka polepole, na hakuna mahali utasema: hapa ndipo zimetoka.