Tawang: Mji na Karatasi Zake

Mgeni apandaye Tawang hutoka kwanza katika nchi ya joto. Huuacha Tezpur, mji wa Assam ulio karibu na mto Brahmaputra, akafuata barabara ya milima kupita Bomdila na Dirang, hata afike Se La, pengo la mlima lililo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 4,100. Zamani theluji iliweza kuifunga njia hiyo. Tangu Machi 2024 magari hupita chini ya mlima katika handaki. Mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, katika pembe ya kaskazini mashariki ya India, Bhutan ikiwa upande wa magharibi na Tibeti upande wa kaskazini.

Walakini safari hii haianzi barabarani. Huanza mezani kwa karani. Raia wa India asiye mwenyeji wa jimbo la Arunachal Pradesh lazima awe na kibali, kwa utaratibu ambao asili yake ni sheria iliyowekwa na Waingereza mwaka 1873 ili raia wao wasiingie milimani bila ruhusa. Mtu wa nchi nyingine hutakiwa kibali cha namna nyingine. Hivyo karatasi humtangulia mgeni. Jambo hilo ni dogo, lakini lafaa kukumbukwa, kwa sababu katika Tawang karatasi zimewatangulia watu kwa zaidi ya miaka 300. Na swali kubwa la historia ya mji huo ni nani aliyeulizwa kabla hazijaandikwa.

Wenyeji ni Wamonpa. Nyumba zao ni za mawe na mbao. Hulima shayiri na mahindi, na hufuga yaki, ng'ombe wa baridi mwenye manyoya marefu. Kwa manyoya yake hutengeneza kofia nyeusi yenye mikia inayoning'inia, ili maji ya mvua yatiririke mbali na uso. Lugha zao zina udugu na Kitibeti, lakini si Kitibeti. Dini yao ni ya Buddha, nayo ilikuwapo katika mabonde hayo kabla haijajengwa nyumba kubwa ya watawa ambayo leo hukaa juu ya kilima kama ngome.

Juu ya kujengwa kwa nyumba hiyo kuna habari mbili. Ya kwanza husimuliwa kwa mdomo. Mtawa mmoja, Mera Lama Lodre Gyatso, alikuwa akitafuta mahali pa kujenga, akaingia pangoni kusali. Alipotoka, farasi wake hayupo. Akamtafuta, akamkuta amesimama juu ya kilima. Akaona kwamba mahali pamekwisha chaguliwa. Kwa hiyo jina Tawang hufasiriwa kuwa ni mahali palipochaguliwa na farasi. Habari ya pili imeandikwa. Mwaka 1680 Dalai Lama wa Tano, mtawala wa Tibeti, alitoa waraka uliompa Mera Lama mamlaka juu ya nchi hiyo, na ujenzi ukafanyika katika miaka ya 1680 na 1681. Katika habari ya kwanza mwenye kuamua ni mnyama. Katika ya pili ni mfalme. Wakulima wa bondeni hawaamui katika yoyote.

Tangu hapo wakulima hao walitoa nafaka kwa nyumba ya watawa, na mila ilitaka wenye wana watatu wa kiume wamtoe wa kati awe mtawa. Kodi nyingine ilidaiwa na maofisa wa Kitibeti wa Tsona, ng'ambo ya milima. Yafaa kusemwa wazi: utawala huo wa dini ulikuwa utawala, na mzigo wake ulikuwa mzigo. Lakini ulitoa fahari pia. Mwaka 1683, katika Urgelling karibu na Tawang, alizaliwa Tsangyang Gyatso, aliyekuja kuwa Dalai Lama wa Sita. Kifo cha aliyemtangulia kilikuwa kimefichwa, hata mtoto huyo akaketishwa kitini Lhasa mwaka 1697 tu. Aliukataa utawa, akajulikana kwa nyimbo za mapenzi zinazohesabiwa kuwa zake. Akaondolewa kwa nguvu mwaka 1706, akafa njiani alipokuwa akipelekwa China. Huyo ndiye mtoto wa Wamonpa ajulikanaye kuliko wote ulimwenguni, na kuzaliwa kwake huko kumekuwa hoja katika magomvi ya mataifa.

Magomvi hayo yalipata mzizi mwaka 1914. Mwaka uliotangulia maofisa wawili wa Kiingereza, Bailey na Morshead, walikuwa wamepita nchi hiyo kwa miguu wakipima milima na mito. Kwa msaada wa habari zao ulichorwa mstari mwekundu juu ya ramani, na mwezi Machi 1914, katika Delhi, Henry McMahon na mjumbe wa Tibeti, Lonchen Shatra, wakabadilishana barua za kuukubali. China haikushirikishwa katika barua hizo, wala haijaukubali mstari huo hata leo. Wamonpa nao hawakuitwa. Kwa wino huo Tawang ilihama kutoka nchi moja kwenda nyingine, na mkulima aliyekuwa akipura shayiri yake siku hiyo hakupata habari.

Kisha jambo la ajabu likatokea: karatasi ikasahauliwa na wenyewe. Wakusanya kodi wa Tsona waliendelea na kazi yao kama kwamba hapana kilichoandikwa. Katika miaka ya 1930 maofisa wa Kiingereza waliukumbuka mpaka wao, wakaona kwamba kitabu chao cha mikataba, kilichochapwa mwaka 1929, hakikuutaja. Basi mwaka 1938 wakachapa juzuu nyingine yenye habari za mapatano, wakaitia tarehe ya 1929, na nakala za kwanza zikakusanywa zitoweke. Nakala moja ilisalimika katika chuo kikuu cha Harvard, ikawaumbua. Mwaka huohuo wa 1938 Kapteni Lightfoot alifika Tawang na kundi dogo, akawakuta maofisa wa Kitibeti wangali wakitawala; naye akarudi.

Mpaka ule ulipata miguu mwaka 1951. Mwezi Februari Meja Bob Khathing, Mnaga wa Manipur aliyeitumikia India huru, alipanda na askari kiasi cha 200, akawaita wakubwa wa vijiji, akawaambia wasilipe tena kodi ya Tsona. Lhasa ikalalamika. Hapo ndipo mstari wa 1914 ulipoingia katika maisha ya mkulima kwa mara ya kwanza, tena kwa kumpunguzia mzigo. Miaka minane baadaye, 1959, Dalai Lama wa Kumi na Nne alivuka mpaka huo akikimbia kutoka Lhasa, akapumzika Tawang. Oktoba 1962 yakaja majeshi ya China, na wakazi wengi wakakimbilia Assam; majeshi hayo yakarudi mwisho wa mwaka, lakini dai la China juu ya Tawang halijarudi nayo.

Ni kosa basi kuiandika historia ya Tawang kana kwamba ni daftari la kesi, hawa wakisema yangu na wale wakisema yetu. Waraka wa 1680, barua za 1914 na juzuu ya tarehe ya uongo zote zina jina la nchi, wala hazina jina la mkulima. Ili kumwona yeye, msomaji na aulize maswali ya chini zaidi: nani alilipa, alilipa nini, na siku gani aliacha kulipa.

Nao Wamonpa wana karatasi yao. Hutengenezwa kwa gome la mti mdogo, ambalo huchemshwa pamoja na majivu, hupondwa, humwagwa juu ya kitambaa kilichowambwa, kisha huanikwa juani. Kwa karne nyingi maandiko ya dini yalinakiliwa juu yake. Kazi hiyo ilikaribia kufa, na mwaka 2020 karakana ilifunguliwa Tawang ili ihuishwe. Karatasi hiyo ni ngumu kuchanika, na hudumu. Wenyeji waliitengeneza kwa mikono yao. Na kati ya karatasi zote zilizoamua habari zao, yaelekea ndiyo pekee ambayo hawakuhitaji kungojea mtu wa mbali awaletee.