Uvuvi Katika Nchi ya Nyeri

Kojani ni kisiwa kidogo kando ya Pemba. Watu wake ni wavuvi mashuhuri. Bahari ndiyo shamba lao, na dau ndilo jembe lao. Nyeri nayo ina maji mengi. Mito ya Gura, Chania na Sagana huteremka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Hata hivyo, Wakikuyu wa zamani hawakuwa wavuvi. Walilima viazi vitamu, kunde na ndizi, wakafuga mbuzi na ng'ombe. Samaki walimfananisha na nyoka, wala hawakumla.

Mwaka 1905 Mwingereza Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, akawatia katika mto Gura. Samaki huyu hupenda maji baridi, safi, yaendayo kasi. Kwa hiyo alistawi. Lakini hakuletwa awe kitoweo cha wenyeji. Aliletwa awe mchezo wa walowezi, waliomvua kwa ndoana na kwa leseni. Mto ulipita chini ya shamba la mkulima, na samaki waliomo walikuwa wa mtu mwingine.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1948 kituo cha kufuga samaki kilianzishwa Sagana, na baadaye wakulima wakajifunza kuchimba mabwawa. Bwawa hutaka udongo wa mfinyanzi ushikao maji, pamoja na mfereji wa kuyaingiza na mwingine wa kuyatoa. Perege hukua upesi kwenye joto la bondeni. Juu, karibu na msitu, baridi humchelewesha, na huko ndiko kwenye makao ya trauti. Mwaka 2009 serikali ilitoa fedha za kuchimba mabwawa mengi nchini, Nyeri ikiwamo. Mengine yalidumu, mengine yalikauka, maana chakula cha samaki kilikuwa ghali na wanunuzi hawakuwa wengi.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Je, mkulima wa Nyeri afugaye samaki amekuwa mtumwa? La. Babu yake aliweza kumdharau samaki kwa kuwa malisho ya mbuzi yalikuwa mapana. Mjukuu amerithi kipande cha shamba kilichogawanywa mara nyingi. Akichimba bwawa pembeni mwa kipande hicho, anafanya kazi ile ile ya babu yake: kuilisha nyumba yake kwa kile ambacho nchi yake inaweza kutoa.