Betri ya Gari Lililolala

Kulikuwa na wakati gari halikuitegemea betri ili liwake. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, iliwashwa kwa hendeli ya mkono. Magneto iliyofungwa kwenye flaiwili ilitoa cheche, na mwenye gari alichohitaji ni bega lenye nguvu. Betri ya risasi na asidi yenyewe ilikuwa imeshazaliwa zamani. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza 1859, na mwaka 1881 Camille Faure akaiboresha kwa kupaka plet zake rojo la oksidi za risasi ili zibebe umeme mwingi zaidi. Kilichobadilisha mambo ni Cadillac ya 1912, ilipotoka na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering. Kuanzia hapo gari likaanza kuwa na kitu kinachokufa ndani yake hata kama halijasogea hatua moja.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi nilijifunzia eneo la Gerezani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya sabini, na nilichokuja kukiamini ni hiki: betri nyingi zinazotupwa hazikufa kwa uzee, zimeuawa na kuachwa zikae bila chaji. Mafundi wa zamani walilijua hilo vizuri kuliko wengi wa leo, kwa sababu hali iliwalazimisha.

Bei ya mafuta ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Petroli ilikuwa ya kutafuta. Jumapili mchana magari binafsi yalizuiwa kutembea bila kibali, na hata siku za kazi watu wengi waliacha gari nyumbani wakapanda basi ili mafuta kidogo waliyonayo yawafae kwa safari ya msiba au ya mgonjwa. Peugeot 404 na Volkswagen za kobe zilikaa chini ya miembe ya Upanga na Chang'ombe wiki nenda wiki rudi. Siku mafuta yakipatikana, betri imelala. Na betri mpya haikuwa kitu cha kwenda dukani ukanunua. Ulisubiri, au ulikwenda kwa fundi.

Peugeot 404 na Land Rover ziliwahurumia wenyewe, maana zilikuwa na hendeli. Volkswagen ilisukumwa na vijana wa mtaa.

Mzee aliyenifundisha hakugusa waya wowote kabla ya kushika haidromita. Ni bomba la kioo lenye mpira mweusi wa kubonyeza juu, na ndani yake kuna boya dogo lenye namba. Anafungua kifuniko cha seli, anavuta asidi, anainua kioo mpaka usawa wa jicho, anakigonga kwa ukucha ili boya lisigande ukutani, kisha anasubiri viputo viishe ndipo asome. Asidi ya betri iliyojaa husoma 1260 hadi 1280. Ikishuka mpaka 1120, hakuna kitu humo. Lakini namba moja peke yake hakuijali sana. Alitaka zote sita. Seli tano zikisoma 1250 na ya sita 1150, alituambia tusipoteze umeme kuichaji, kwa kuwa ndani ya hiyo moja plet zimegusana. Zote sita zikiwa chini kwa pamoja, betri ni nzima, ina njaa tu. Tofauti hiyo ndiyo elimu ya kwanza ya kazi hii.

Betri za enzi hizo zilikuwa na kasha la mpira mgumu, na juu zimezibwa kwa lami. Seli ikifa, tuliipasha lami moto, tukaing'oa, tukachomoa fungu la plet, tukatia jingine la betri nyingine, tukaunganisha risasi upya na kumwaga lami juu. Makasha ya plastiki yaliyozibwa kwa joto yalipoenea, kazi hiyo ikaisha. Nisingependa irudi, kwa sababu ya moshi wa risasi tuliouvuta bila kujua unatufanya nini.

Kulinda betri ya gari linalolala kulikuwa na kanuni zake. Juu ya betri pawe pasafi, kwa kuwa vumbi likichanganyika na unyevu wa asidi huwa njia ya umeme kutoka chanya kwenda hasi. Tulipaosha kwa maji ya magadi, yakatoa povu, kisha maji safi. Maji ya betri yaongezwe mpaka yafunike plet. Na gari likikaa zaidi ya wiki, waya wa bodi utolewe. Ulitolewa huo kwanza, maana spana ikigusa bodi wakati unafungua upande mwingine, inapiga shoti.

Hata ikiwa imetolewa waya zote, betri hujila yenyewe, na joto huharakisha. Kila joto likipanda nyuzi 10 upotevu huo karibu unaongezeka mara mbili, ndiyo sababu gari lililoachwa Dar es Salaam linaishiwa mapema kuliko lililoachwa Njombe. Chaji ikishuka na kubaki chini, salfeti ya risasi inayojitengeneza juu ya plet huwa fuwele ngumu, na chaja haiwezi tena kuiyeyusha yote. Hapo ndipo kifo kilipo.

Uvujaji wa umeme zamani haukuwa na mafumbo. Gari la dainamo lilikuwa na kataoti, swichi ya kuitenga dainamo na betri, na pointi zake zikigandana, umeme wa betri ulirudi kwenye dainamo usiku kucha. Tulipima kwa sikio na jicho: kila kitu kimezimwa, unagusisha waya kwenye kichwa cha betri gizani. Ukiona cheche, kuna mwizi. Altaneta zilipokuja, mwizi akahamia kwenye daiodi, naye nilifundishwa kumkamata kwa kiganja. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, shika altaneta. Ikiwa ina uvuguvugu ilhali injini ni ya baridi, daiodi inavujisha.

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, magari ya Japani yakaanza kuongezeka, nayo yakaja na saa za umeme na redio zenye kumbukumbu. Baadaye zikaja injini za kompyuta, alamu, kufuli za rimoti, na sasa traka. Kipimo cha cheche kikapoteza maana, kwa sababu gari zima kabisa nalo sasa hutoa kacheche. Hili ndilo badiliko kubwa nililoliona katika kazi yangu: zamani gari lililolala lilikuwa halili, leo linakula usingizini.

Swali likawa linakula kiasi gani. Miliampia 50 ndicho kiwango ambacho mafundi wengi hukikubali kuwa cha juu. Kwa saa 24 hiyo ni ampia-saa 1.2, na betri ya ampia-saa 60 itafika nusu baada ya siku 25 hivi. Taa ndogo ya buti yenye wati 5, isiyozimika kwa kuwa swichi imekwama, inakula karibu ampia-saa 10 kwa siku, kwa hiyo siku tatu zinatosha. Kupima, mita inaungwa katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, milango imefungwa, kisha unasubiri. Kompyuta za gari huchukua muda kulala, nyingine nusu saa, na fundi mwenye haraka husoma namba kubwa akaanza kufungua vitu visivyo na kosa. Zikishalala, unachomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Mara nyingi sana ninamkuta mwizi kwenye kitu kilichoongezwa hapa hapa nchini: redio, alamu au traka iliyoungwa kwenye waya usiozimwa na swichi.

Tiba ambayo wenye magari huipenda, kuliwasha gari dakika kumi kila Jumamosi likiwa limesimama, mimi huwakataza. Stata inachukua umeme mwingi, na injini ikizunguka polepole kwenye sailensa altaneta haina kasi ya kurudisha kilichotoka, hasa kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Liendeshe nusu saa barabarani, au uunge chaja ndogo inayojizuia yenyewe. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.2 iko nusu, na hapo usiiache hata siku moja.

Uhaba wa umeme vijijini uliipa betri kazi ya pili. Runinga ilipoanza Bara 1994, vijiji visivyo na umeme viliitazama kwa betri za magari, zikibebwa kwa baiskeli kwenda mjini kuchajiwa. Betri za magari yaliyolala zilipata kazi huko, nazo zilikufa haraka, maana plet za betri ya gari ni nyembamba, zimeundwa kutoa nguvu ya sekunde chache, si kunyonywa mpaka picha ipungue kwenye kioo.

Na kila betri inayokufa inakwenda kuyeyushwa mahali. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri, watoto wakakutwa na risasi katika damu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ninapomwambia mteja atoe waya wa hasi kabla ya kusafiri, ninawafikiria na wao.

Sasa naletewa magari ya haibridi. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani 1997, ina betri kubwa ya kusukuma magurudumu, na bado ina betri ndogo ya volti 12 inayoamsha kompyuta na kuifungulia njia ile kubwa. Ndogo ikiisha, kubwa haina msaada hata ikiwa imejaa. Kwenye Prius nyingi hiyo ndogo iko nyuma kwenye buti, nalo buti hufunguka kwa umeme. Kwa hiyo naanza na ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, mlango wa dereva, kisha boneti, ambako ndani ya sanduku la fyuzi kuna ncha ya chanya iliyowekwa kwa ajili ya kustulia betri iliyolala.