Kadi, Mawe na Matanga: Nani Aliilipia Redio Yetu?

Ukiuliza Kisii au Nyamira nani aliyekuwa akilipia redio ya taifa, wengi watakujibu: serikali. Serikali ilisimamisha mitambo, serikali ikaajiri watangazaji, na mwananchi kazi yake ilikuwa kufungulia na kutulia. Yaani redio ilikuwa kama mvua, inakunyeshea tu bila kukuuliza una doo ngapi.

Mimi sikubaliani na jibu hilo. Watu wetu waliilipia redio ya umma kwa miaka mingi, shilingi kwa shilingi, na hakuna aliyewahi kuwaita wafadhili.

Marekani hili jambo lina jina. Mwaka 1949 kituo cha KPFA kilifunguliwa Berkeley, California, na waanzilishi wake wakaamua kutotegemea matangazo ya biashara. Walimwomba msikilizaji achange. Mpaka leo vituo vya umma vya huko hutenga siku za kuomba mchango hewani, na anayetoa kidogo kila mwezi huitwa mwanachama. Uingereza ilishika njia nyingine: kuanzia 1922 mwenye redio alilipa leseni ya shilingi kumi kwa mwaka, na leseni ya redio pekee ikaondolewa mwaka 1971. Koloni la Kenya lilirithi mtindo huo wa leseni. Lakini vijijini kwetu, pesa halisi ilipitia milango mingine.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, kwa Kiingereza, kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alikumbukwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walikuwa wamepelekwa vitani, na wazazi wao walitaka kujua yanayojiri huko. Kwa hiyo tangu mwanzo, Mwafrika wa kawaida alikuwa na swali moja kwa redio: mtu wangu yuko wapi?

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha huduma ya Waafrika, na Kisumu ikapata kituo chake. Mwaka 1964, baada ya uhuru, shirika likawa Sauti ya Kenya, VOK. Mwaka 1989 likarudia jina la KBC. Kwa miaka yote hiyo Ekegusii hakikuwa na kituo chake. Kilikuwa na saa zake ndani ya huduma ya magharibi, kikigawana masafa na Dholuo, Kikuria na lugha nyingine. Ukikosa saa yako, ndo basi, subiri kesho.

Kwa hiyo ilibidi redio iwe hai saa hiyo ikifika, na hapo ndipo malipo ya kwanza yalipoingia: mawe. Nyumba nyingi hazikuwa na stima. Betri za Eveready zilitengenezwa Nakuru mpaka kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014, na kwa mkulima wa pareto au chai, jozi ya mawe ilikuwa gharama ya kupangiwa. Ndio maana yaliwekwa juani yapate nguvu kidogo. Ndio maana mtoto aliyefungulia muziki mchana alichapwa. Redio ilizimwa baada ya habari, mawe yakae mpaka jioni. Pesa hiyo haikufika KBC, lakini bila hiyo KBC ingekuwa ikiongea na hewa.

Malipo ya pili yalifika moja kwa moja: kadi za salamu. Kama ulizaliwa baada ya 2000 huenda hujawahi kuishika. Kadi ilinunuliwa. Ulijaza jina lako, mahali ulipo, orodha ya unaowasalimia, na ujumbe mfupi. Ukaituma, kisha ukangoja. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa mwezi. Siku ikisomwa, soko zima la Keroka linajua kwamba wewe, fundi baiskeli, umetajwa kwenye redio ya taifa.

Rahisi kucheka. Lakini fikiria ratiba ya mwezi mzima ya kituo. Vipindi vya salamu vilijaza saa nyingi sana, na aliyeandika maneno yake, aliyelipia karatasi yake na aliyehakikisha kuna watu wa kusikiliza ni msikilizaji mwenyewe. Watuma salamu waliunda vikundi, wakapeana majina ya utani, wakatembeleana, wakachangiana mtu anapofiwa. Bila kamati yoyote kutoka Nairobi, wakawa kile ambacho KPFA ingeita wanachama.

Malipo ya tatu ndiyo mazito: matangazo ya vifo. Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Babu yangu alipofariki nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wazee wakiinamia karatasi mezani. Tangazo lilikuwa la kulipia, na kadiri lilivyorefuka ndivyo bei ilivyopanda. Kwa hiyo ilibidi kuchagua. Wake zake, sawa. Watoto, sawa. Je, wakwe? Je, binti aliyeolewa Sotik ambaye hakuwa amerudi nyumbani miaka sita? Baba mdogo alisema aachwe, ataambiwa na watu. Nyanya, ambaye hakuwa ameongea asubuhi yote, akasema, "Mwandike. Asiposikia jina lake hatakuja." Wakakata jina la diwani, wakamwandika shangazi. Baba mdogo akapanda matatu ya Kisumu na ile karatasi mfukoni.

Shangazi alikuja. Sijui kama aliisikia mwenyewe au alipigiwa kelele na jirani kwenye majani chai. Ilivyokuwa ni kwamba alifika kabla ya mwili kushushwa, na mpaka leo yuko kwenye hesabu ya familia.

Hapo ndipo unaona redio ilikuwa inauza nini. Watu wetu walikuwa wametawanyika: mashamba ya chai Kericho, viwanda vya Nairobi, bandari ya Mombasa. Barua ilichelewa, simu ilikuwa ya posta. Chombo pekee kilichoweza kuwafikia wote siku moja kilikuwa redio ya taifa. Enzi za Moi taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais, alikokwenda na alichosema. Watu walivumilia Mtukufu Rais ili wafike kwenye majina ya marehemu. Serikali ilidhani wanasikiliza taarifa yake, kumbe wanangojea zamu yao.

Kwa nini basi hatukupewa sauti kwenye chombo tulichokilisha? Angalia jirani. Mwaka 1982, Homa Bay, mwendo mfupi tu kutoka Kisii, kulifunguliwa kituo kidogo cha jamii kwa msaada wa UNESCO. Kilitangaza kwa Dholuo, kwa mitambo ya bei nafuu, na kinatajwa kama redio ya kwanza ya jamii katika Afrika. Mwaka huohuo, Agosti mosi, wanajeshi waasi waliteka VOK na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela kutangaza mapinduzi. Baada ya hapo serikali gani ingetaka redio ndogo mikononi mwa wanakijiji? Homa Bay ikafungwa mwaka 1984. Funzo likawa wazi kwa Nyanza nzima: lipa, sikiliza, lakini usishike maikrofoni.

Hewa ilifunguliwa polepole miaka ya 1990, na baada ya 2000 zikaja stesheni za lugha za mama. Leo Ekegusii kina Egesa FM ya Royal Media Services, na kina Minto FM ya KBC yenyewe. Minto maana yake ni kwetu, nyumbani. Lugha iliyokuwa ikingojea saa yake Kisumu sasa ina siku nzima. Kadi imegeuka ujumbe wa WhatsApp, na tangazo la kifo linaanza na picha kwenye grupu ya familia.

Unaweza kusema basi, imekwisha, tuendelee na maisha. Lakini deni la KBC linaendelea. Shirika lilichukua mkopo mkubwa wa Japani mwaka 1989 kuboresha mitambo, riba ikazaa riba, na suala hilo limerudi Bungeni mara nyingi. Kila mjadala wa kuipunguza KBC unapoanza, stesheni za lugha za mama hutazamwa kama mzigo. Hakuna anayehesabu waliyotoa wasikilizaji, kwa sababu yalihesabiwa kama mauzo ya karatasi na ada za vifo, si kama mchango wa watu kwa redio yao.

Hilo linaniuma kwa sababu ya kazi yangu. Niliacha chuo karo ilipoisha na sasa naandika kwa mkataba mmojammoja, kwa hiyo najua tofauti kati ya aliyelipwa na aliyetajwa. Watu wa Gusii ni mabingwa wa kuchanga. Shule zetu nyingi zilijengwa kwa harambee, matanga yetu yanaendeshwa kwa kamati na daftari, na mweka hazina asiposoma hesabu mbele ya watu, siku hiyo hapakaliki. Redio ndiyo kitu pekee tulichochangia bila kusomewa daftari.

Kwa hiyo ombi langu si kwamba KBC ianze kuomba pesa hewani kama Wamarekani. Iambie Kisii na Nyamira saa moja ya Minto FM inagharimu kiasi gani, kila mwezi, kwa Ekegusii, saa ambayo wazee wanasikiliza. Iseme nani anapanga ratiba na msikilizaji anaketi wapi kwenye meza hiyo. Kama ni kuchanga, tutachanga. Nyanya yangu aliweza kuamua ni jina gani lina thamani ya shilingi za tangazo. Hawezi kushindwa kuketi kwenye kamati ya redio.