Wizara ya Vijana na Michezo (Kenya)

Wizara hii ya serikali ya Kenya chimbuko lake ni Desemba 2005, majuma machache baada ya wapiga kura kuikataa rasimu ya katiba. Rais Mwai Kibaki aliunda Wizara ya Masuala ya Vijana na kumkabidhi Mohammed Kuti. Mwaka uliofuata ilianzishwa Hazina ya Maendeleo ya Vijana, iliyotengewa Sh1 bilioni za mikopo ya biashara.

Michezo iliongezwa mwaka wa 2008, katika serikali ya muungano, chini ya Profesa Helen Sambili. Ndoa hiyo ilivunjwa 2013. Michezo ilibaki na utamaduni na sanaa. Vijana ndio waliohamahama. Walipelekwa kwenye wizara ya ugatuzi na mipango, kisha utumishi wa umma mwaka wa 2015, na teknolojia ya habari 2020, kabla ya kurejeshwa kwa michezo 2022. Ni vigumu mpango wowote kukomaa kwa mtindo huo.

Michezo nayo haikusalimika. Hassan Wario, waziri wakati wa Olimpiki za Rio 2016, alipatikana na hatia mwaka wa 2021, akahukumiwa kulipa faini ya Sh3.6 milioni au kufungwa miaka sita. Novemba mwaka huo, Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa Shirikisho la Soka (FKF). Fifa, isiyovumilia serikali kuingilia soka, iliifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022. Walioumia ni wachezaji: Harambee Stars iliondolewa kwenye mechi za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 kabla ya kugusa mpira.